Somo: Kumtafutia ndugu yako tiba ya dawa za kulevya na kuilipia bila kuuza kiwanja

Familia nyingi ninazokutana nazo hapa Dar es Salaam huniuliza, "Soba ipi nzuri?" Wengine wameshachanga, wameshalipa kiingilio, na kijana ameshapelekwa. Soba, yaani nyumba ya kukaa waraibu wanaoacha dawa, ni njia mojawapo tu, na kwa baadhi ya waraibu si hata ya kwanza. Tena fedha huishia kwenye miezi ya ndani, siku anayotoka hakuna senti iliyobaki, na hapo ndipo wengi wanaporudi kijiweni. Somo hili linafuata njia nzima, pamoja na siku hiyo ya kutoka.

Hatua ya 1: Jueni anatumia nini

Unga (heroini), bangi, pombe, mirungi, vidonge vya usingizi, au vyote kwa pamoja? Muulizeni akiwa ametulia. Akiwa kwenye stimu atawaahidi chochote, na akiwa na arosto (mateso ya kukosa dawa) atasema lolote apate hela ya kete (pakiti ndogo ya unga). Msimuulize mbele ya ukoo mzima, achaguliwe mtu mmoja anayemwamini.

Jibu lake ndilo linaloamua mnaanzia wapi. Arosto ya heroini huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi. Miayo, kamasi, vinyweleo kusimama, kuharisha, kutapika, mifupa kuuma, usingizi haupatikani. Ni mateso makali, lakini kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine ni nadra kuua, mradi anapata maji ya kutosha.

Pombe ni hatari zaidi hapo. Mtu anayekunywa gongo tangu asubuhi kila siku, akikatishwa ghafla, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili, halafu akachanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo inaua. Vidonge vya usingizi vilivyotumika muda mrefu ni vivyo hivyo. Mtu wa namna hii aanzie hospitali, apewe dawa za kumshusha taratibu. Nyumba isiyo na daktari isimpokee, na ikimpokea bila kuuliza maswali, hiyo peke yake ni sababu ya kuikimbia.

Hatua ya 2: Kama ni unga, ulizeni methadoni kwanza

Hapa nasisitiza kwa sababu ndipo familia zinapopoteza fedha nyingi. Tiba ya methadoni, dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya heroini, ni bure katika vituo vya serikali. Ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na leo ipo pia Dodoma, Mwanza, Mbeya, Tanga na kwingineko. Zanzibar inatolewa Kidongo Chekundu.

Ni dawa ya maji, hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Dozi moja huzuia arosto kwa takriban saa 24, kwa hiyo mtu haamki akiwaza kete. Huanza na kipimo kidogo kinachopandishwa polepole, kwa kuwa kupandisha haraka kunaweza kuua. Wiki za mwanzo atalalamika kwamba haimshiki, na wengine watachanganya na unga. Msikate tamaa hapo. Arudi kwa daktari aseme ukweli wote.

Najua maneno yanayosemwa mtaani: "Wamemtoa kwenye ulevi mmoja wakamtia kwenye mwingine." Mtu wa methadoni iliyotulia anafanya kazi, analea watoto, hajidungi, haibi. Haiwezekani kulinganisha hilo na maisha ya maskani, vijiwe vya watumiaji. Na akitaka kuiacha baadaye, hupunguziwa taratibu akiwa na daktari wake.

Gharama halisi ya methadoni ni nauli. Kwa kawaida kwenda kituoni ni kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kama nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 1,400, mwezi mzima ni 42,000, na hizo lazima zipatikane. Chagueni kituo kwa umbali, wala msitazame ukubwa wa jina la hospitali. Kuingia, wengi hupitia asasi zinazofanya kazi maskani. Ndugu huombwa kumsindikiza, na mgonjwa hupimwa mkojo, VVU, homa ya ini na kifua kikuu. Lakini methadoni haitibu bangi, pombe wala kokeini.

Hatua ya 3: Soba, na namna ya kuikagua

Soba, au nyumba za upataji nafuu, mara nyingi huendeshwa na watu waliowahi kutumia wenyewe, na wengi wao wana moyo wa kweli. Mtu hukaa miezi kadhaa, mara nyingi minne hadi sita, kwa ratiba kali, ushauri nasaha na Hatua 12, mpango wa kuacha ulevi hatua kwa hatua kupitia vikao. Humfaa anayehitaji kutoka kabisa kwenye mazingira yake, au ambaye dawa anayotumia haina tiba kama methadoni.

Kabla ya kwenda, pigeni 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, muulize kama nyumba hiyo imesajiliwa. Kisha nendeni bila kutoa taarifa, ikiwezekana saa za mchana wakati chakula kinapakuliwa.

Tazameni komeo za vyumba vya kulala. Zikiwa upande wa nje na zina kufuli, ulizeni moto ukitokea usiku nani anafungua. Ombeni kuona daftari la dawa, liandikwe jina, dawa, saa na sahihi ya aliyetoa. Ulizeni mtu akizidiwa saa nane usiku anapelekwa hospitali gani na kwa usafiri wa nani. Jibu likichelewa, mmeshajibiwa. Anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu lazima aendelee nazo humo ndani. Mkiona minyororo, viboko, au mkisikia "hapa tunaponya asilimia mia," ondokeni. Kwa mwanamke, hakikisheni vyumba ni tofauti na kuna msimamizi wa kike anayelala hapo. Nyumba za wanawake ni chache, huenda mkalazimika kusafiri.

Hatua ya 4: Fedha

Andikeni kila kitu kabla ya kulipa: kiingilio, ada ya mwezi, vipimo, dawa, sabuni na nauli za kumtembelea. Ulizeni kwa maandishi: akitoroka wiki ya pili, kinarudi kiasi gani?

Lipeni mwezi kwa mwezi. Punguzo la kulipa miezi sita kwa mkupuo linavutia, lakini mkishalipa yote hamna tena nguvu ya kumhamisha mkiona mambo hayaendi. Fedha iende kwa jina la taasisi, na risiti itoke. Kama namba ya kulipia ina jina la mtu binafsi, ulizeni kwa nini.

Chukulieni mfano wa familia iliyochanga 1,500,000, na ada ni 250,000 kwa mwezi. Miezi sita inamaliza zote. Mimi ningelipa minne na kuacha 500,000 kwa ajili ya kutoka: kodi ya chumba mbali na kijiwe chake, nauli za kuhudhuria vikao, pengine cherehani au vifaa vya kinyozi. Miezi miwili ya ziada ndani haimsaidii mtu anayerudi kulala kwenye chumba kilekile, mlango mmoja na anayeuza.

Kama hali ni ngumu, muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya serikali kuhusu msamaha wa gharama za vipimo na kulazwa. Mwenye bima aulize kabla na apewe jibu kwa maandishi. Vikao vya waliopata nafuu havina ada. Kiwanja kiacheni. Kurudia kutumia ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, na mkiuza kila kitu safari ya kwanza, ya pili mtaigharamia na nini?

Hatua ya 5: Siku ya kutoka

Mwili wake umesahau unga. Kiasi alichokuwa akitumia zamani sasa kinaweza kumuua siku hiyohiyo, na wiki za kwanza ndizo mbaya zaidi. Mwambieni waziwazi. Mkimkuta haamki, midomo imekuwa ya bluu, anakoroma au anapumua kwa shida na mboni za macho zimebana, mlazeni kwa ubavu na mkimbizeni hospitali. Akiacha kupumua, mpulizieni pumzi mdomoni njiani. Msimnyweshe maziwa, yatampalia. Hospitalini semeni alichotumia, kwa sababu ipo dawa ya kuzima heroini, naloksoni, na inafanya kazi kwa dakika chache.

Maswali ya wanachama

*Mama wa watatu, Mbagala:* Mwanangu anakataa katakata. Baba yake anataka tumkamate usiku tumpeleke kwa nguvu.

Shikamoo mama. Kumfunga kamba humfikisha getini tu, na wengi waliopelekwa hivyo hutoroka wakiwa na hasira na nyumba nzima. Jaribuni kwanza mhudumu rika kutoka asasi, mtu aliyepita njia hiyo, aje azungumze naye bila ninyi kuwepo. Wakati huohuo acheni kumpa fedha mkononi. Chakula apewe, na mlango wa tiba ubaki wazi. Isipokuwa akihatarisha maisha yake au ya mtu mwingine, hapo ni hospitali mara moja.

*Kaka mtu, Muscat:* Mimi ndiye ninayetuma fedha, niko mbali. Mdogo wangu yupo soba mwezi wa pili sasa na kila nikipiga naambiwa haruhusiwi simu.

Kaka, wiki chache za mwanzo bila simu ni kanuni ya nyumba nyingi. Miezi miwili bila ndugu yeyote kumwona kwa macho, hapana. Kabla ya kutuma ya mwezi wa tatu, ndugu aliyepo karibu aende, akae naye dakika kumi faraghani, aangalie mikono na mgongo wake. Wakikataa, aondolewe na taarifa itolewe 119. Na tangu sasa tuma moja kwa moja kwa taasisi, risiti ipigwe picha uletewe wewe.

*Binti wa Tanga:* Dada yangu ana mimba ya miezi minne na anatumia unga. Anataka aache mwenyewe nyumbani.

Asiache ghafla, dada. Arosto kali inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Methadoni ndiyo tiba inayopendekezwa kwa mjamzito, na kituo kitashirikiana na kliniki ya wajawazito. Mtoto akizaliwa anaweza kuhitaji uangalizi wa siku kadhaa, na hilo linatibika. Mpeleke wiki hii, na akiona aibu ingia naye mpaka ndani.

*Msomaji, Temeke:* Mume wangu alikuwa ametulia kabisa na methadoni. Tangu aanze dawa za TB, arosto imerudi, naogopa atarudi kwenye unga.

Hajafanya kosa lolote. Rifampisini iliyomo kwenye dawa za kifua kikuu hulifanya ini kuimaliza methadoni haraka, kwa hiyo dozi ileile haifiki tena hata jioni. Asiache dawa za TB. Kesho asubuhi mwambieni daktari wa methadoni, atampandishia dozi. Na siku atakapomaliza dawa za TB mrudi tena kumwambia, kwa sababu dozi hiyo kubwa itahitaji kushushwa, la sivyo itamzidi.

*Mwanachama, Mombasa:* Na sisi wa Kenya?

Hatua ni zilezile. Pigeni simu NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, ni bure, mthibitishe kama kituo kina kibali. Methadoni ipo Kisauni na Malindi, na Nairobi ipo Mathari. Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, ulizeni kituo chenyewe kabla ya kumlaza ni huduma zipi inazolipa hapo, na mtapewa kitanda cha aina gani kwa malipo hayo.