Kuvuna Chenin Blanc Dodoma bila kudanganywa na punje za juani

Msimu huu nimemsaidia shemeji yangu wa Hombolo kuvuna Chenin Blanc yake. Mzabibu huu asili yake ni bonde la Loire, Ufaransa, na Afrika Kusini ndio unaolimwa kuliko mizabibu mingine yote ya mvinyo. Ninaupendea jambo moja: jua liwake litakavyo, sukari hupanda na ule uchachu wake mzuri haupotei.

1. Pogolea, kisha hesabu miezi minne hivi.

2. Jua zabibu inakwenda wapi. Mvinyo wa povu unataka sukari ya digrii 18 au 19 za Brix (kipimo cha sukari kwenye juisi), mweupe mkavu 21 hadi 22, mtamu zaidi ya hapo. Afrika Kusini hutengenezea hata brandi.

3. Pima sukari. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka mmoja nilichuma punje kumi za juu ya vishada, upande wa magharibi, refraktomita, kile kifaa cha kupima sukari kwa tone la juisi, ikasoma 22. Tukavuna shamba zima. Kiwandani juisi ilisoma 18, bei ikashuka. Chenin haiivi kwa pamoja: bega la kishada limeshakuwa la dhahabu, ncha bado kijani.

Sasa nachuma punje 100. Naruka mizabibu ya mwisho wa mstari, napishanisha mashariki na magharibi, bega, katikati, ncha, na vile vishada vilivyojificha majanini. Nachuma bila kuangalia, maana jicho huchagua iliyoiva. Zote nazikamua kwenye mfuko mmoja, nakoroga, ndipo natia tone. Fanya asubuhi, na kwanza hakikisha kipimo kinasoma sifuri kwa maji safi. Kipimo kisichorekebisha joto husoma pungufu juisi ikiwa ya moto. Rudia kila baada ya siku tatu.

Usiamini namba peke yake. Tafuna kokwa: ikiwa kahawia na inakatika kwa mlio, imeiva. Halafu pasua kishada katikati. Punje za Chenin zimebanana na ngozi yake ni nyembamba, kwa hiyo mvua ya Februari ikipiga, kuoza huanzia ndani, nje pakiwa pazuri. Ukinusa siki, vuna leo hata kama digrii hazijatimia.

4. Vuna alfajiri, kwa mkasi, kwenye kreti. Viroba sivitaki kabisa: zabibu za chini hupondeka, juisi inaanza kuchacha njiani. Weka kivulini, zifike kwenye kikamulio kabla ya saa nne asubuhi.