Kuunganisha mashine ndogo ya kuchonga chuma na kompyuta

Kabla ya kununua mota, pima mchezo wa skrubu, yaani ulegevu kati ya skrubu inayosogeza meza na nati yake: gusisha ncha ya saa ya kupimia kwenye meza, zungusha gurudumu la mkono mbele kisha nyuma, na uangalie linazunguka kiasi gani kabla sindano haijatikisika. Programu ya kompyuta inayoendesha mashine huufidia mchezo huo kwa sehemu tu, kwa sababu kisu bado kitaivuta meza. Mimi ningeweka skrubu za gololi, ambazo nati yake huteleza juu ya gololi na mchezo wake ni mdogo. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko, kila hatua ikigawanywa mara 8, kwenye skrubu inayosogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, huhitaji mipigo 320 ya umeme kutoka kwa kompyuta kwa kila milimita. Hapa Lubumbashi umeme hukatika kazini. Tafadhali weka kontakta, yaani swichi inayojizima umeme ukikatika na kubaki imezimwa hadi ubonyeze kitufe, ili kisu kisianze kuzunguka chenyewe umeme unaporudi, mkono wako ukiwa bado mezani.