Umepewa timu ya otomesheni kiwandani? Anza na listi, laptopu iache kwanza

Tuseme umekabidhiwa timu, kazi yenyewe ni kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza wanabadili mfumo wa vyumba vya baridi na pampu za maji. Kitu kitakachokuvuta ni laptopu, maana wewe ndo ulikuwa mkali wa PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) na ndo maana wamekupa cheo. Mpe mwingine aandike programu. Ukizama humo nani atajua waya upi umefika na upi bado?

Wewe shika listi ya I/O, yaani ishara zote zinazoingia na kutoka kwenye PLC. Kila sensa, vali na mota iwe na mstari wake: namba yake, iko wapi, inaingia paneli gani tamino gani (pale waya unapofungwa), ni ya 4-20 mA (inatuma kipimo kwa mkondo wa miliampia 4 hadi 20) au ya kuwaka na kuzima tu, skeli yake (mkondo upi ni kipimo gani), na nani kaikagua. Faili liwe moja na anayeruhusiwa kulibadili awe mmoja, maana fundi umeme akiwa na listi yake na wa programu ana yake, ugomvi wote utaletewa wewe.

Paneli kama inaundwa Dar, ijaribiwe hukohuko mteja akiwepo, asaini ndo ipakiwe kwenye lori. Ni zaidi ya kilometa 1,000 hadi huku, sasa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ikigoma ukiwa saiti utabaki unapigia simu watu wa basi wakuletee kifurushi.

Ikishafungwa, usikubali mtu awashe mota kabla ya kukagua njia moja moja, kuanzia sensa hadi skrini. Watu wawili na redio: mmoja yuko kwenye sensa anaingiza mkondo kwa kifaa cha kupimia, mwingine anasoma skrini. Tangi la kina cha mita 5, ukiingiza 4 mA skrini isome 0, 12 mA isome 2.5, 20 mA isome 5. Halafu chomoa waya kabisa, mkondo ushuke hadi 0, hapo skrini lazima ipige kelele kwamba sensa imekatika, sio ikuonyeshe tu tangi tupu, maana hiyo ndo faida ya kuanzia 4. Wengi hiki kipande cha mwisho wanakiruka kwa haraka za kuwasha, mi naona bora siku ya kuwasha isogezwe.

Na hizi ishara za kulazimisha kwenye PLC, yaani kuidanganya programu kwamba sensa inasema hivi, jamani! Mtu analazimisha swichi ya presha ionekane iko sawa ili ajaribu kompresa, zamu inaisha, anaenda kulala. Weka daftari, kila aliyelazimisha au kubadili programu aandike saa, kitu gani, kwa nini na nani kamruhusu, bakapu ichukuliwe kabla na baada, na zamu isikabidhiwe mpaka zote zimeondolewa au zimesainiwa na anayepokea. Kitufe cha dharura chenyewe kikate umeme kwa waya na rilei ya usalama, kisitegemee programu ya kawaida.

Huku ziwani radi ni nyingi, so vizuia radi na athi (waya wa kupeleka umeme ardhini) vikague mwenyewe. Kiwandani wanaosha kwa maji ya presha, kwahiyo boksi za nje ziwe IP66 (daraja la kuzuia vumbi na maji ya presha) na kebo ziingilie chini, na wale wadudu wa ziwani wakija kama wingu hizo feni za paneli bila chujio utazijutia.

Asubuhi kikao dakika 10 mmesimama, kila mtu aseme kimemkwamisha nini, basi. Vijana wa fildi usiwafanye wa kushika tochi tu, wape mchoro waufuatilie mpaka mwisho. Na yule mzee wa zamu ya usiku kwenye kompresa, mwamkie shikamoo ukae naye kidogo kabla hujapanga alamu, anajua pampu ipi inadanganya.

Siku ya kukabidhi mwachie mteja bakapu ya mwisho, michoro iliyosahihishwa kulingana na kilichofungwa kweli, na pasiwedi zote. Wapo wanaoondoka nazo ili waitwe tena, hiyo si biashara.