Kupaka upya rangi trela la boti kabla ya kuliuza

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia jirani yangu kuandaa trela lake kwa ajili ya mnunuzi, ingawa sehemu yake ndefu zaidi inatokana na kosa langu mwenyewe la miaka ya nyuma, nilipomaliza kupaka trela langu kwa siku mbili na kulikuta limefura vipele kama punje za mtama kabla ya mwezi kwisha.

Hatua ya 1: Kagua chuma. Teremsha boti, kisha gongagonga fremu yote kwa nyundo ndogo, hasa kwenye maungio yaliyochomelewa na mahali springi zinapofungwa. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa mlio mfu, na ncha ya bisibisi huzama ndani yake. Hapo kazi si ya rangi tena bali ya fundi wa kuchomelea, naye amalize kabla hujapaka. Kuziba tundu kwa puti na kulifunika kwa rangi ni kumuuzia mtu ajali ya barabarani. Angalia vilevile kama fremu imepakwa zinki, yaani ina rangi ya kijivu iliyofifia badala ya rangi ya kawaida. Ikiwa bado nzima, mimi huiosha na kuiacha ilivyo, kwa sababu rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki hugeuka kuwa aina ya sabuni pale vinapokutana, nayo hubanduka magamba kwa magamba.

Hatua ya 2: Fungua na kufunika. Pandisha trela juu ya stendi imara, wala usilitegemee jeki peke yake. Ondoa magurudumu, rola na taa. Ziba kwa utepe wa karatasi nyuzi za boliti, meno ya winchi na namba ya fremu, ambayo mnunuzi makini ataitafuta kabla ya kuuliza lolote.

Hatua ya 3: Kwangua, osha, kisha subiri hadi asubuhi. Hapa ndipo nilipopotezea kazi yangu yote. Nililiosha trela vizuri, likakauka, nikalikwangua kutu na kupaka papo hapo, nikiamini kwamba chumvi ya bahari ilikwisha kuondoka na maji. Kumbe chumvi haikai juu ya kutu, bali chini yake, ndani ya vishimo vidogo ambavyo maji hayavifikii mpaka kutu iondolewe. Ikifunikwa huko, huvuta unyevu kupitia kwenye rangi, kwa kuwa hakuna rangi inayozuia mvuke kabisa, na unyevu huo ndio unaoinua vipele.

Kwa hiyo mpangilio sahihi ni kukwangua kwanza na kuosha baadaye. Brashi ya waya inayozungushwa na mashine siipendi hata kidogo, maana husugua kutu hadi ing'ae na kumdanganya mtu kwamba amefika kwenye chuma. Bora kikwangulio cha mkono, kisha diski ya msasa, nawe ukiwa umevaa miwani na barakoa. Baada ya hapo sugua kila kishimo kwa brashi ngumu na maji yasiyo na chumvi, suuza kwa wingi, ingiza mpira wa maji ndani ya mabomba ya fremu mpaka yanayotoka yawe safi, na ulikaushe haraka. Kisha liache usiku mmoja mahali pasipofikiwa na mvua wala umande. Asubuhi inama utazame vishimo kwa karibu: vikiwa vyeusi na vyenye unyevunyevu huku chuma cha pembeni kimekauka, au vikiwa vimetoa vidoa vya rangi ya chungwa, chumvi bado imo. Rudia kuosha. Trela la jirani lilihitaji mara tatu, na mara ya pili alitaka tukate tamaa tukapake hivyohivyo. Vidoa vyepesi vilivyobaki juu juu vinaondolewa kwa msasa mkavu. Trela lililotumika ziwani tu halina taabu hii.

Hatua ya 4: Paka. Futa mafuta kwa thina na kitambaa safi, kisha paka praima (rangi ya kwanza ya chini) ya epoksi ya sehemu mbili, yaani ile inayochanganywa na kigumisho chake kabla ya kupaka, na rangi ya juu inayoafikiana nayo, ukifuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Natumia brashi, kwa kuwa fremu ya mabomba ikipulizwa, sehemu kubwa ya rangi hupotelea hewani. Kingo na maungio yapake mara moja zaidi, kwani rangi hujivuta na kuwa nyembamba hapo. Usizibe matundu ya kutolea maji.

Hatua ya 5: Rudisha vifaa. Taa zikiwaka kwa kufifia au kupokezana, usizinunue nyingine kwanza: mara nyingi waya wa athi, yaani ule unaorudisha umeme wa taa kupitia chuma cha fremu, umefungwa juu ya rangi mpya. Kwangua sehemu ndogo chini ya boliti yake mpaka chuma kionekane, kaza, kisha paka grisi kuzunguka boliti. Boti lenyewe lisubiri siku kadhaa, kwa sababu rangi iliyokauka kwa kuguswa na kidole bado ni laini chini, na uzito wa boti utaikandamiza mpaka ibanduke palepale mnunuzi anapotazama kwanza.