Jinsi ya kuanzisha shirika la hisani Marekani kwa ajili ya kijiji chenu Tanzania

Sisi tulikuwa watu saba wa Singida tunaoishi Minnesota, na kikundi cha WhatsApp cha kuchangiana misiba. Tulipotaka kuwawekea watoto wa shule ya kijijini tangi la maji ya mvua, ikabidi tujisajili.

1. Anzeni kijijini. Fomu zisubiri. Mpigieni mtendaji wa kijiji, jambo lijadiliwe kwenye mkutano mkuu, mtumiwe muhtasari wenye mhuri. Sisi tuliiruka hatua hii. Tangi la lita 10,000 lilikaa juani miezi minne kwa sababu paa la darasa halikuwa na gata, na fundi hakuwa na wa kumlipa. Iliniuma sana. Muhtasari uliofuata ulitaja nani anashika ufunguo wa bomba na nani anasafisha gata kabla ya mvua za Desemba. Maji yakapatikana.

2. Undeni bodi. Minnesota inataka wajumbe angalau watatu. Wasitoke nyumba moja; bodi ya mume, mke na shemeji hakuna atakayeiamini.

3. Sajilini kwenye jimbo lenu. Hati iseme lengo ni hisani, na kwamba shirika likivunjwa mali iende kwenye hisani nyingine. Kisha chukueni EIN, namba ya kodi ya shirika, kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Ni bure, ukidaiwa ada, umeingia tovuti ya dalali.

4. Ombeni IRS hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika la hisani lililosamehewa kodi ya mapato. Mkitarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka na mali isiyozidi 250,000, kwa kawaida fomu fupi ya 1023-EZ inawatosha, ada dola 275. Fomu ndefu ni dola 600.

5. Shikeni usukani wa pesa. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Sheria hairuhusu shirika kuwa njia tu ya kupitishia pesa kwenda nje. Bodi yenyewe iamue, iandike, ifuatilie. Sisi tunatuma kwa awamu: kwanza saruji, mabati na gata, halafu tunasubiri picha na risiti za EFD (mashine ya kodi) ndipo tutume ya fundi. Mtu akichangia kwa sharti kwamba pesa apewe mjomba wake, mrudishieni.

6. Kila mwaka jazeni 990-N, taarifa fupi ya mtandaoni kwa IRS, mradi mapato hayazidi dola 50,000 kwa kawaida. Kama mwaka wenu wa hesabu unaishia Desemba, mwisho ni 15 Mei. Mkiacha miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutika yenyewe. Mweka hazina wetu ameibandika tarehe hiyo mlangoni mwa friji.