Piga picha za wadudu kwa lenzi kuukuu uliyoigeuza: tuanze na majimoto, wale sisimizi wa kwenye mwembe

Watu wakiona picha ya jicho la mdudu limejaa skrini wanadhani lazima uwe na lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya mamilioni. Mi mwaka wa nne huu napiga wadudu hapa Tanga kwa lenzi ya 50mm kuukuu niliyoigeuza nyuma mbele, na kitu pekee nilichonunua cha ziada ni ringi ya kuibania.

1. Geuza lenzi

Ringi yenyewe upande mmoja unaingia kwenye kamera kama lenzi, upande wa pili una nyuzi za filta. Angalia namba ya kipenyo iliyoandikwa mbele ya lenzi yako, 49, 52, 58, ndo ununue saizi hiyo, mi ya kwanza nilinunua kwa kukadiria macho ikaishia kwenye droo. Na bora lenzi ya zamani yenye ringi ya apacha, yaani ya kufungua na kubana tundu la mwanga, maana ikishageuzwa haiongei tena na kamera, unaizungusha mwenyewe.

50mm ikigeuzwa mdudu anatua kwenye sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea picha, karibu kwa saizi yake halisi. Sensa ya kamera nyingi za bei ya kawaida ina upana wa milimita 22 hivi, kwa hiyo majimoto wa milimita 8 anajaza kama theluthi ya upana wa picha. 28mm inakuza zaidi ila usianze nayo, utaichukia hii kazi.

2. Mwanga, hapa ndo penyewe

Weka apacha f/8 au f/11, shata (muda wa kupiga) sekunde 1/200, ISO (wepesi wa sensa kushika mwanga) 200, flashi manyuo, yaani nguvu unaipanga mwenyewe, kama 1/8 halafu panda au shuka kulingana na unachokiona. Flashi kavu, bila kitu mbele yake, usithubutu, kichwa cha majimoto kinang'aa kama kipara, utapata doa jeupe tu. Chukua kidumu cheupe cha plastiki kile kinachopitisha mwanga, kata ubavu wake upate ganda lililopinda, lifunge kwa rababendi kwenye flashi liinamie mbele ya lenzi. Kadiri ganda linavyomkaribia mdudu ndivyo mwanga unavyolainika. Nimeona watu wanahangaika kubadilisha lenzi tatu wakati shida yao ni kidumu.

3. Mfuate mapema

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kereng'ende bado wamepoa na umande uko mgongoni, unamsogelea mpaka upana wa kiganja. Majimoto wao hawapoi kihivyo, tafuta wanaposhona kiota: wengine wanavuta kingo za majani zikutane, mwingine anakuja amembana mtoto wao, yule buu mweupe, mdomoni, anamgusisha jani hili, anampeleka jani lile, na buu anatoa uzi wa hariri. Yaani sindano yenyewe ni mtoto! Nilikaa chini ya ule mwembe karibu saa nzima nimeegemea tawi nikasahau kwamba tawi nalo ni barabara yao. Jina lao hawakupewa bure, shingo iliwaka mpaka jioni.

4. Fokasi kwa mwili

Ringi ya fokasi isahau. Kwa ukuzaji huu sehemu iliyo kali, yaani isiyo na ukungu, haifiki hata milimita moja, kwa hiyo bana viwiko mbavuni, yumba taratibu kwenda mbele na kurudi, jicho la mdudu likikaza tu bonyeza. Kwa f/8 utaona giza kwenye kioo, funga kitochi kidogo pembeni ya lenzi kikusaidie kuona. Upepo ukishaamka shika tawi kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti ulichochomeka chini, kama ni kusi limevuma vizuri rudi tu nyumbani ukanywe chai.

Kuna wanaomweka mdudu kwenye friji ili atulie. Mi sifanyi, anakaa miguu imejikunja vibaya na anayejua wadudu anakugundua palepale.

5. Kuchagua

Asubuhi nzuri narudi na picha kama 150, zinabaki nne au tano. Jicho halijakaza, futa, hata kama mabawa yametoka vizuri kiasi gani. Halafu ukimaliza rudisha lenzi kawaida au ifunike, maana ikigeuzwa kile kioo cha nyuma ndo kiko nje, na chumvi ya hewa ya huku pwani haina adabu.