Siri Ikae Kwenye Majina: Namna ya Kuandika Riwaya ya Vizazi Vinne, Hatua kwa Hatua

Mwezi uliopita nilikaa siku nne na dada mmoja anayeandika riwaya yake ya kwanza, ya ukoo wa huku kwetu Tanga. Alikuwa na kurasa 90, wahusika 31, na sanduku la bati lenye barua ambayo ingefichua kila kitu sura ya mwisho. Alikwama tangu Ramadhani. Tulipoagana barua ilikuwa imetolewa, wahusika wamebaki 14, na kazi inakwenda. Wanaoniuliza jambo hili ni wengi, kwa hiyo naandika tuliyoyafanya kwa mpangilio ule ule. Mifano naitoa kwenye riwaya yangu mwenyewe, inayomhusu mzee wa kubuni aliyetoka Kasulu, Kigoma, akaja Korogwe kukata mkonge mwaka 1952, akaishi na jina lisilo lake mpaka uzeeni, kumbukumbu zilipoanza kumponyoka.

Hatua ya 1: Chagua siri moja

Iandike kwa sentensi moja. Yangu ilikuwa hii: "Babu Juma si Juma, na Kasulu aliacha pacha wake, mke na mtoto." Sentensi yako ikidai "na tena" na "isitoshe", una riwaya mbili mkononi. Chini yake andika nani anaijua yote, nani anaijua nusu, na nani anaumia kwa kutoijua. Endelea.

Hatua ya 2: Kaa na wazee

Fanya hivi hata kama kila kitu utakibuni. Nenda na kaunta buku na kalamu, kompyuta iache nyumbani. Simu irekodi, kwa ruhusa, lakini mkono nao uandike: mzee akikuona unaandika anapunguza mwendo, na lile neno analotaka ulipate sawasawa analirudia.

Usiulize "mwaka gani". Hilo ni swali la karani, na wazee wetu wamewajibu makarani maisha yao yote kwa kukisia. Uliza: "Uhuru unapatikana ulikuwa umeshaolewa?" "Azimio la Arusha lilikukuta wapi?" "Mtoto wa kwanza alikuwa anatambaa?" Bibi mmoja alishindwa kabisa kuniambia mwaka aliofika shambani na mumewe. Nikamuuliza, siku ya kwanza mlipewa nini? Akafungua kiganja, akakichora mraba kwa kidole cha mkono wa pili. "Kipande. Ukimaliza kazi ya siku wanakuwekea alama. Alama zikifika thelathini ndiyo unalipwa. Ukiumwa, hakuna alama." Kutoka hapo alinitembeza kambi nzima kwa maneno, mlango kwa mlango: nyapara alikaa wapi, posho iligawiwa wapi, ile harufu ya maji machungu ya korona, yaani kiwanda cha kusindikia mkonge, ilifika mpaka wapi. Mwaka hakuutaja, wala sikuuhitaji tena.

Kwa mzee ambaye kumbukumbu zinamponyoka, kaa naye wakati wa siku ambao watoto wake wanasema huwa mtulivu, muda mfupi, wao wakiwapo. Usimsahihishe. Akikuita kwa jina la kaka yake, itika.

Hatua ya 3: Jedwali la miaka

Hapa ndipo nilipopoteza miezi saba, na hapa nitakaa sana.

Nilikuwa ukurasa wa 140 nilipogundua kwamba mtoto ambaye Babu alimwacha Kasulu alizaliwa 1954. Babu mwenyewe aliondoka 1952. Sikupanga mke wake awe na siri yake pembeni. Ilikuwa ni hesabu mbovu tu, kwa kuwa miaka yote niliibeba kichwani. Kumrudisha mtoto yule hadi 1951 kulivuta kila kitu: umri wake wa kwenda shule, mwaka wa ndoa yake, hata nguvu zake siku anapopanda basi kumtafuta baba. Sura sita zilikwenda na maji.

Kwa hiyo: nunua karatasi mbili za manila, uziunganishe kwa gundi. Rula, penseli, kifutio. Programu za kuchora mti wa ukoo sizitaki, na nimezijaribu. Zinakuonyesha nani kamzaa nani, ambalo tayari unalijua. Hazikuonyeshi nani alikuwa wapi siku gani, na siri ya ukoo hukaa hapo hapo. Juu ya karatasi pitisha miaka, sentimita 2 kwa kila mwaka. Kila mhusika apate mstari wake wa mlalo, unaoanza alipozaliwa na kukoma alipofariki. Akihama, badilisha rangi ya mstari. Chini ya kila mwaka andika umri wake. Ndiyo, kila mwaka. Ni kazi ya jioni mbili.

Kisha angalia nafasi kati ya vizazi. Wangu: Babu 1932, binti yake wa Korogwe 1957, mjukuu 1981, kitukuu 2005. Ukitaka na kilembwe, lazima mtu azae mapema sana au mzee aishi sana, na hilo lenyewe liwe na sababu ndani ya hadithi.

Sasa weka matukio ya nchi kwa wino mwekundu. Mitego ni mingi:

Reli. Dada yule alimpandisha mhusika wake treni Kigoma mwaka 1950 akamshusha Korogwe. Haiwezekani. Reli ya Kati na reli ya Tanga ziliunganishwa mwaka 1963. Kabla ya hapo mtu wa Kigoma alishuka njiani kwenye Reli ya Kati, kisha akamalizia kwa barabara. Kosa hili lilimpa sura nzuri kuliko ile ya awali: usiku mmoja nyuma ya lori, watu hawajuani, na hapo ndipo mhusika wake anaamua kubadili jina.

Jina la nchi. Mwaka 1958 hakuna anayesema Tanzania. Ni Tanganyika. Muungano ni Aprili 1964, na jina la Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huo huo.

Fedha. Mpaka 1966 mfukoni mlikuwa na shilingi ya Afrika Mashariki. Babu akiwa na noti yenye picha ya Nyerere siku ya Uhuru, msomaji mwenye umri wa mama yangu atafunga kitabu.

Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo mfungo huzunguka majira yote. Usiandike "ilikuwa Ramadhani, joto kali" bila kukagua. Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, yalitokea siku chache kabla ya mwezi mtukufu kuingia. Mhusika anayedai siku ile walikuwa wamefunga amekosea, labda awe analipa deni la mwaka uliopita. Lakini hapa kuna faida: mzee anayesahau anaweza kukosea hivyo hivyo, na mwanawe akalishika kosa hilo. Sharti wewe mwandishi uwe unajua ukweli.

Mkonge wenyewe. Mbegu zilifika na Wajerumani mwaka 1893. Shirika la wenye mashamba la kutafuta vibarua, SILABU, lilianza 1944, na ndilo lililosomba vijana kutoka mbali. Mashamba mengi yalitaifishwa 1967, na kamba za plastiki zikaua bei. Mtoto wa kambini aliyezaliwa 1957 anafikisha miaka 20 wakati kazi zinapungua. Huyo ataondoka, na akiondoka anakwenda na nusu ya siri.

Vijiji. Hili ndilo lililonichukua muda zaidi. Mjukuu wangu wa kubuni anakwenda Kasulu kutafuta nyumba ya Babu. Nilimwandikia mti, kisima, na bibi kizee mlangoni. Lakini Operesheni Kigoma ya 1972 ilihamisha watu kutoka kwenye maboma yao kuwaingiza kwenye vijiji vya ujamaa. Anayefika leo kwa maelekezo ya mtu aliyeondoka 1952 anaweza kukuta pori, au shamba la mtu mwingine, na makaburi yasiyo na wa kuyapalilia. Niliifuta sura yote. Nilipoiandika upya nikaelewa kwamba kusahau hakukuwa kwa Babu peke yake. Hata ile ardhi ilikuwa imesahaulishwa.

Umri wa karatasi. Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na umri ulioandikwa ofisini ulikuwa wa kukadiria kwa macho. Mpe kila mzee namba mbili kwenye jedwali, ya kweli na ya karatasi. Zikipishana miaka mitano, usizisawazishe.

Hatua ya 4: Ficha siri kwenye majina

Barua sandukuni siipendi. Wengi wa waliokwenda kwenye mkonge hawakupata nafasi ya kusoma, na ukoo unaoficha jambo hauliandiki. Ila majina utayaita tu, kila siku, mbele ya watoto.

Neno manamba lenyewe ni mfano: vibarua walipewa namba, namba ikawa jina lao. Mtu akiandikishwa kwa jina alilolitaja siku ile, hilo ndilo litakalomfuata mpaka kaburini. Babu yangu wa kubuni alijiandikisha Juma. Jina lake la nyumbani ni Butoyi. Kwa watu wa Kigoma na Burundi jina hilo linasema kila kitu: Bukuru ni pacha wa kwanza, Butoyi ni wa pili. Korogwe hakuna aliyelijua hilo. Kwa hiyo Babu anapozeeka na kuanza kumwita mjukuu wake "Bukuru", nyumba nzima inaona anaropoka. Wanamzoea. Kurasa 80 baadaye anapita kijana muuza mawese na migebuka mikavu, samaki wa Ziwa Tanganyika, anasikia mzee anaita, anatua ndoo yake chini na kuuliza: "Huyu mzee pacha wake yuko wapi?"

Siri imekaa wazi tangu sura ya pili, na msomaji ameisoma mara kumi.

Lugha yetu inakupa maficho mengine ya bure. "Mama mdogo" anaweza kuwa mdogo wake mama, mke mdogo wa baba, au yule aliyekuzaa akakukabidhi kwa dada yake. "Ndugu" ni kaka, dada, binamu, hata mtu wa kijiji kimoja. Nafsi ya tatu haisemi mwanamume wala mwanamke. "Alikuja usiku, akaweka mtoto kizingitini, akaondoka." Nani? Unaweza kukaa na swali hilo riwaya nzima bila kumdanganya msomaji hata mara moja. Pitia rasimu yako na kalamu, kila penye "mwanamume mmoja" au "mwanamke mmoja" ujiulize kama una haja ya kusema.

Tahadhari moja: wajukuu hurithi majina ya babu zao, na karatasini Saidi watatu wanachosha. Wape majina ya kuitana. Ila mmoja mwache alibebe jina kamili la marehemu, kama hilo jina ndilo dalili.

Hatua ya 5: Kumbukumbu inayopotea iandike kwa kitenzi

Waandishi wengi wakifika kwa mzee anayesahau wanaandika "alichanganyikiwa", "akili yake ilikuwa imerudi nyuma". Futa. Kitenzi kinatosha. Tazama hapa:

Chiku akamletea uji. Babu akakitazama kikombe, akakishika kwa mikono miwili kama anapasha vidole moto. "Bukuru amekula?" akauliza.

Angesema "Bukuru alikula", angekuwa mtu anayekumbuka. Amesema "amekula". Kwake Bukuru yuko nje, anakaribia kuingia, na uji ni mchache. Hiyo -me- ina miaka 57 ya kutoonana ndani yake. Mimi najiwekea kanuni: zamani ya familia naisimulia kwa -li- na -ka-, na mzee anayesahau ndiye pekee anayeruhusiwa kuizungumza zamani kwa -na- na -me-. Msomaji atashika kufikia mara ya tatu, bila kuambiwa.

Jambo la pili ni lugha. Mtu aliyezungumza Kiswahili maisha yake yote ya utu uzima anaweza, kumbukumbu zikilegea, kurudi kwenye lugha aliyoinyonya. Babu anarudi kwenye Kiha, na watoto wake wa Tanga hawakijui. Wanasimama karibu na kitanda cha baba yao wakihitaji mkalimani. Usinukuu lugha usiyoijua. Andika sauti yake, andika nyuso za wanaosikiliza.

Na usimfanye mzee akumbuke kila kitu ghafla ukurasa wa mwisho. Ugonjwa wa kusahau hauendi hivyo, na familia zilizouguza zitajua kuwa hukuwaheshimu. Kinachopatikana kipatikane na wengine, kwa kuunganisha vipande.

Hatua ya 6: Panga sura

Anza na kizazi cha tatu. Ndicho kinachouliza.

Hatua ya 7: Andika

Kurasa mbili kwa siku, manila ikiwa ukutani mbele yako.

Hatua ya 8: Wasomee

Kabla ya kumpelekea mchapishaji, wasomee kwa sauti wale uliochukua kitu kwao. Badili majina, badili kambi, badili idadi ya watoto. Kama mzee mwenyewe hawezi tena kukupa ruhusa, waombe wanawe, wote, pamoja na yule anayeishi mbali. Mimi nilisoma barazani jioni tatu. Jioni ya pili mama mmoja alininyamazisha kwa mkono, akaingia ndani, akarudi na kipande cha kamba ya mkonge kilichosokotwa na baba yake. Hakusema kitu. Aliniwekea mapajani, akanionyesha kwa kidevu kwamba niendelee. Kamba ile ilikuwa na mafundo saba, na hesabu yake iko kwenye sura ya 11.